Mchungaji anatimiza miaka 60: siku tatu za Unguja tuzipangeje?

Swali: Mimi na mume wangu ni wamisionari wa kanisa la Kipentekoste, tunahudumu vijiji vya Masasi. Mwezi wa nane mume wangu anatimiza miaka 60, na watoto wetu wametuchangia safari ya siku tatu Zanzibar, ambako hatujawahi kufika. Anapenda sana historia, ila goti linamsumbua na bahari anaiogopa. Tuanzie wapi? Kuna ubaya wowote tukigawa vipeperushi vya Injili tukiwa huko? Na tukiimba na kukata keki hotelini, tutawakwaza wenyeji? – Mama Mchungaji, Masasi

Jibu: Mama Mchungaji, karibuni Unguja, na Mchungaji umfikishie hongera zangu. Mimi ni mwongoza watalii wa Mji Mkongwe, Muislamu, mzaliwa wa hapa hapa. Wachungaji, mapadri na masista nimewatembeza wengi, na hakuna wageni wanaoniuliza maswali kama wao, basi nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Mkianza kutafuta safari mtauziwa ratiba moja inayofanana kila ofisi: mashamba ya viungo, Jozani, Changuu, fungu la mchanga la Nakupenda, Nungwi kuona jua likizama, na pomboo wa Kizimkazi juu yake. Vyote kwa siku tatu. Anayewaahidi hivyo anahesabu pesa zenu, goti la Mchungaji halimo katika hesabu zake. Mtashinda ndani ya gari na mtarudi Masasi hamkumbuki mliona nini wapi. Ningekuwa ninyi, ningetoa siku moja nzima kwa Mji Mkongwe, nusu siku kwa Mbweni, na siku moja kwa pwani ya mashariki. Nusu siku inayobaki ni ya kulala na kula. Ana miaka 60, ana haki ya kulala mchana.

Safari yenyewe kwanza, maana wengi huharibikiwa hapo. Basi la Masasi huingia Dar es Salaam watu wamechoka. Msiunganishe, laleni Dar, mpande boti ya asubuhi. Boti za kasi huchukua kama saa mbili au pungufu, lakini mwezi wa nane ni wakati wa kusi, na upepo huo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Asubuhi bahari huwa na adabu zaidi. Mchungaji akae sehemu ya chini, nyuma kidogo ya katikati, kwa sababu mbele ndiko boti inakopiga mawimbi. Ale kidogo kabla ya safari, asipande na njaa wala hajashiba sana. Dawa ya kichefuchefu aulize duka la dawa mapema, hasa kama anatumia dawa nyingine. Na kama hofu ni kubwa kweli, kuna ndege ndogo kutoka Dar, dakika ishirini hivi angani. Msisahau vitambulisho vya taifa. Ndivyo pia vitakavyowapa bei ya Mtanzania kwenye viingilio vingi, na tofauti yake na bei ya mgeni wa nje si ndogo. Mwezi wa nane watalii wamejaa, kwa hiyo chumba kitafutwe sasa.

Mkiteremka Malindi mtapokewa na papasi, vijana watakaojitwika mizigo yenu bila kuombwa na kuwaambia nyumba mliyopanga imefungwa. Nyumba haijafungwa. Shikeni mizigo yenu, muwasalimu vizuri, muendelee. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na haoni aibu kukionyesha akiombwa.

Sasa mjini. Siku ya kwanza asubuhi nendeni Kanisa la Mkunazini, yaani Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Fikeni mapema kabla ya makundi ya mahoteli ya pwani. Palipo na kanisa ndipo palipokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873 baada ya kubanwa na Waingereza. Mwaka ule ule UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, ikaanza kujenga, chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Sehemu ya uwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Saa ya mnarani inasimuliwa kuwa ni zawadi ya Barghash mwenyewe, kwa sharti mnara usiipite kwa urefu Beit al-Ajaib, jumba la fahari la Sultani. Ndiyo Zanzibar hiyo, Mama: kanisa la Kiingereza, ardhi ya Baniani, saa ya Sultani.

Ndani msikimbilie kupiga picha. Tazameni juu kwanza. Paa lile ni tao moja refu la mawe ya matumbawe na saruji, halina boriti hata moja katikati, na wapo walioapa kuwa litaanguka. Bado lipo. Kisha tembeeni hadi mbele ya madhabahu muangalie sakafuni. Kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, mahali panaposemwa ulikuwapo mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Nyekundu ni damu. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere, aliyefariki 1882. Karibu na nguzo utaona msalaba mdogo wa mbao, wengi huupita bila kuujua. Mbao zake zilitoka katika mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Na mkitoka, geukieni nguzo fupi zilizo upande wa mlango mkubwa: zimesimamishwa kichwa chini. Mafundi walizipanga Steere akiwa safarini, aliporudi akaziacha vile vile. Wageni wangu hucheka sana hapo, nami hupenda wacheke kabla hatujatoka uani.

Uani kuna shimo lenye sanamu za watumwa watano wa zege, shingoni wamefungwa minyororo ya kale. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Halafu kuna vyumba vya chini, chini ya jengo la St Monica's. Mtaambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Mimi huwaambia wageni pande zote mbili: ndivyo inavyosimuliwa miaka yote, na wapo wanahistoria wanaohoji, kwa kuwa jengo lililo juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Kuhusu soko lenyewe hakuna ubishi, wala kuhusu mateso yake. Dari la vyumba vile liko chini mno na ngazi ni kali. Mchungaji na goti lake abaki kwenye maonyesho ya juu, ambayo yameandikwa vizuri na yanasomeka kwa utulivu. Kama mtakuwa hapa Jumapili, njooni kwenye ibada ya Kiswahili ya asubuhi badala ya kuja kutembezwa. Kanisa lile ukiliona lina waumini ndani ni kitu kingine kabisa.

Kutoka Mkunazini mtapita Darajani sokoni, jengo la mwaka 1904, kisha mpotee kidogo vichochoroni. Kupotea Mji Mkongwe hakuna hatari mchana. Ukiifuata njia yoyote itakutoa baharini au barabara kuu. Minara Miwili, yaani kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, mtakuwa mmeshaiona kutoka kwenye boti. Ilijengwa na mapadri wa Kifaransa katika miaka ya 1890. Ikiwa wazi ingieni, mara nyingi imefungwa. Beit al-Ajaib itazameni kwa nje tu, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya 2020. Jirani yake ni Ngome Kongwe ya Waomani, iliyokalia mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno. Nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1866 iko njia ya kaskazini, nje ya mji. Si ya kupoteza nauli.

Jioni kaeni Forodhani, bustani ya ufukweni, na hapo nina hadithi kwa ajili yenu wawili. Januari 1844 walifika hapa Unguja mke na mume, Johann Ludwig Krapf na Rosine, Wajerumani, wakiwa wametoka kushindwa Uhabeshi. Seyyid Said, Sultani wa wakati ule, aliwapokea vizuri. Akampa Krapf barua kwa magavana wake wa pwani, inayomtaja kuwa mtu mwema na kuagiza asaidiwe. Barua ya mfalme wa Kiislamu kwa mmisionari wa Kikristo! Wakaenda Mombasa. Ilipofika Julai ya mwaka huo huo Rosine alikuwa amefariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto naye akafa. Watu humkumbuka Krapf na kamusi yake ya Kiswahili. Mimi nikiwa na wageni waliooana humtaja Rosine kwanza.

Hadithi kubwa zaidi kwenu iko Mbweni, na ndiyo sababu nimewapangia nusu siku nzima huko, ingawa hakuna ofisi itakayowauzia. Mbweni ni kusini ya mji, njia ya uwanja wa ndege, mwendo mfupi kwa teksi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 misheni ilinunua shamba pale, na watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Ikajengwa shule ya wasichana, St Mary's, ambayo magofu yake bado yapo, na kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, ambalo hadi leo linasaliwa. Mwalimu mkuu, Caroline Thackeray, alifika 1877 na hakurudi kwao. Kaburi lake liko pale pale Mbweni.

Lakini mimi simpeleki Mchungaji kwa ajili ya Bi Thackeray. Nampeleka kwa ajili ya Cecil Majaliwa na mkewe Lucy. Majaliwa alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa shule ya misheni ya Kiungani. Lucy alilelewa Mbweni na akawa mwalimu. Mwaka 1886 wakafunga mizigo wakaelekea Chitangali, bara, nchi ya Wayao. Ninyi mnajua ni wapi, mnapita huko mkienda Newala. Mwaka 1890 Majaliwa akapadirishwa, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika misheni ile ya UMCA. Na misheni yenyewe ya Masasi ilianzishwa na watu waliotoka hapa. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la waliokombolewa, wakavuka bahari hadi Lindi, wakatembea kwa miguu. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi na kujenga.

Watalii wengi wakiambiwa mmisionari humwona Mzungu mwenye kofia. Ninyi mtasimama kwenye ua wa kanisa ambalo wanandoa wa Kiafrika walitokea kwenda kuhudumu huko huko mnakohudumu sasa, na mtakuwa mmekuja njia ile ile kwa kinyume. Sijui siku ya kuzaliwa ya mtumishi wa Masasi ingepata zawadi gani nyingine. Mwulizeni mtu wa kanisa awafungulie na awaonyeshe makaburi, mkiondoka mtie kitu kwenye sanduku. Njia ni tambarare, goti halitalalamika. Kwa magofu ya shule ulizeni kwanza utaratibu wa kuingia, maana si kila mahali pako wazi kwa wapita njia.

Siku ya pwani. Pomboo waacheni. Boti kumi zikimfukuza pomboo mmoja si jambo ninaloliuza, na Mchungaji atatapika. Changuu ina kobe wakubwa, kizazi cha kobe walioletwa kutoka Shelisheli, pamoja na gereza la 1893 lililoishia kuwa karantini ya wagonjwa. Ni nusu saa hivi kwa boti ndogo. Kama Mchungaji amejisikia ushujaa, aende asubuhi kabla upepo haujapanda, na mkubaliane bei ya boti nzima kwenda na kurudi, kungojwa na viingilio vikitajwa kabla mguu haujagusa maji. Kama hana hamu, msimlazimishe. Siku ya mtu ni siku yake.

Badala yake mimi ningewapeleka Jambiani. Njia yake inapita Jozani, kwa hiyo mtasimama saa moja kuwaona kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, wasiopatikana porini popote duniani isipokuwa visiwani Zanzibar. Wamezoea watu mno, watapita karibu na viatu vyenu. Msiwaguse, msiwape chakula. Njia ya mbao ndani ya mikoko ni fupi na haina mlima.

Jambiani kitu cha kujua ni maji. Pwani ya mashariki bahari inapokupwa huenda mbali sana, karibu na mwamba kule mawimbi yanakovunjikia. Wageni wasioambiwa hulalamika kuwa wamelipia bahari na wameletewa matope. Kwa mtu anayeogopa bahari hilo ni jambo la heri: Mchungaji atatembea juu ya sakafu ya bahari, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, asiogope lolote. Ila tafuteni siku inayofaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huwa yamekupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku huchelewa kwa karibu saa nzima. Wakati wa maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, hayaendi mbali. Pale mnapolala watakuwa na jedwali la kupwa na kujaa, liangalieni kabla ya kukodi gari. Vaeni viatu vya mpira, kuna vitu vyenye miiba vinavyojificha mchangani. Mkitaka kuogelea mchana kutwa ni afadhali Nungwi au Kendwa, ambako maji hayakimbii. Lakini mwezi wa nane huko ni makelele tupu.

Maji yakiwa chini mtawakuta kina mama wakifunga mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi. Kilimo hicho kilianza hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wamesomesha watoto kwa pesa zake. Salimieni kwanza, ndipo muombe picha. Wapo kazini na maji hayatawasubiri. Akikuambia hapana, ni hapana. Sabuni ya mwani mkinunua kwa mikono yao wenyewe, bei haijapitia kwa mtu wa tatu.

Nije kwenye vipeperushi. Mama, viacheni Masasi. Nakwambia kwa upendo, na sitazunguka. Karibu watu wote wa kisiwa hiki ni Waislamu, na kumpa mtu karatasi ya kubadili dini barabarani, mbele ya wenzake, ni kumfedhehesha. Mwaka 2012 na 2013 tulipitia kipindi kibaya: makanisa yalichomwa, na viongozi wa dini zote mbili walishambuliwa, wengine wakauawa. Mji umetulia, na tunataka ubaki umetulia. Makanisa yaliyopo hapa yanaishi na majirani zake kwa uangalifu wa kila siku. Mgeni akigawa karatasi kisha akapanda boti, wao ndio watakaobaki kujibu maswali. Mnataka mazungumzo? Kaeni Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, jioni, muagize kahawa chungu na kashata. Kabla kikombe hakijapoa mzee mmoja atawauliza mnatoka wapi na mnafanya kazi gani. Mwambieni ukweli. Mtaulizwa mengi kuhusu dini yenu, na ninyi mtauliza maswali yenu, na hakuna atakayekasirika. Steere mwenyewe alianza kwa kuketi na watu kusikiliza hadithi zao. Zile alizokusanya hapa zilichapishwa London mwaka 1870, miaka mitatu kabla hajaanza kujenga kanisa.

Mavazi hayanipi wasiwasi kwa watu kama ninyi. Kanga moja begani inatosha. Na tafadhali, kama kuna ndugu aliyewafungia kitimoto ya safari, mmalizie Dar.

Keki haina tatizo lolote. Hata sisi tunakata, hasa wenye watoto wadogo. Imbeni, pigeni makofi, chumbani au juu kwenye paa la hoteli. Jambo moja tu: jua likizama mtasikia adhana ya magharibi kutoka misikiti mingi kwa wakati mmoja, kila mmoja ukianza sekunde chache baada ya mwenzake. Dakika zile chache nyamazeni, kisha mwendelee na wimbo wenu. Mhudumu wenu hatawaambia kitu mkiendelea kuimba, ila ataona mmenyamaza na atawaletea chai nyingine bila kuombwa. Keki iagizeni siku moja kabla, mwandike jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mwulize kama itakuwa na siagi au mafuta. Chakula cha sherehe msikile Forodhani. Samaki wa pale hupangwa kwa kupendeza, lakini ni vigumu kujua wamekaa mezani tangu lini, na bei hubadilika ukishauma. Pale kunyweni juisi ya miwa na mle pizza ya Kizanzibari, ambayo inapikwa mbele ya macho yenu. Kwa sherehe mtafuteni mama anayepika nyumbani, mwambieni mapema mnataka pweza wa nazi na wali. Urojo uwe wa mchana.

Na kama siku yake itaangukia Ijumaa, msipange gari, mwongozaji wala keki kati ya saa sita na saa nane mchana. Madereva wote tutakuwa msikitini, na mpishi wa keki naye pia.